Shafti ya Mtambo wa Pili

Siku ya tatu tangu Nadhir azikwe, Yaarub alifumbua mdomo akasema maneno manne, na maneno hayo yakamwia mabaya kuliko kimya chote alichokaa nacho.

"Ile ya pili imezimwa?"

Alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha mahabusi pale mjini Ibra, mgongo ukutani, kanzu imemganda mwilini kwa jasho. Mulazim Soud bin Muslim, mpelelezi aliyepewa kesi ile, alikuwa amemuuliza saa nzima, mara kwa upole, mara kwa ukali, asipate ila "Mimi sikukata." Sasa kalamu ikamsimama mkononi.

"Ipi ya pili?"

Yaarub akainamisha kichwa.

Mlangoni alikuwepo Naqib Marzouq, mkubwa wa kituo, aliyekuja kusikiliza. Akamvuta Soud kando, ukumbini.

"Umemsikia kwa masikio yako. Kaikata na ya pili, anangoja iue. Unataka nini tena?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Falaj Mazari, kijiji cha njia ya Al Kamil, kilikuwa na nyumba ya umeme yenye mitambo miwili. Jumamosi asubuhi shafti ya mtambo wa kwanza ilivunjika ikiwa kwenye mwendo wake wote. Gurudumu la feni likaruka, likampita Nadhir kifuani, likatoboa ukuta wa matofali na kwenda kulala kondeni. Yaarub alikuwa fundi wa hapohapo, akafukuzwa kazi wiki mbili kabla. Watu wawili walimwona akizungukazunguka nje ya nyumba ile Alkhamisi. Na shafti iliyovunjika, ukiitazama mahali ilipokatikia, nusu ilikuwa imeparuza kama donge la sukari guru, nusu ni laini.

"Nusu kaikata na msumeno, nusu imevunjika yenyewe," Naqib alikuwa akisema tangu siku ya kwanza. "Mtoto mdogo anaona."

Jambo moja tu halikukaa sawa. Nadhir alikuwa mume wa Hamda, dada yake Yaarub, baba mmoja mama mmoja.

"Kama kaikata na ya pili, Naqib, basi tukaizime."

"Mahrous, mwenye mitambo, kaikagua mwenyewe, hana wasiwasi nayo. Kijiji kizima na spitali wanategemea ile moja. Andika maelezo yako, Soud. Alasiri mtu huyu anakwenda Maskati."

Soud akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu ya asubuhi. Akakichukua kipande cha shafti, kizito kama mtoto wa miaka miwili, akakitia ndani ya gunia la mchele na kukipakia garini.

Alikuwa ameshakitazama kwa kioo cha kukuzia. Msumeno hukwaruza kwa mistari iliyonyooka. Upande ule laini ulikuwa na mistari ya kupinda, mmoja ndani ya mwenziwe, kama pete zinazobaki birikani maji yanapokauka. Hakujua maana yake. Alilojua ni kwamba mkewe, Fawziya, aliwahi kumhadithia juu ya mwalimu mwenzake wa skuli ya wasichana. Cherehani ya skuli ilivunjika chuma chake cha ndani, na mwalimu yule akakishika, akakigeuza, akasema kilivunjikaje na kwa nini. Halafu akanyamaza ghafla, mfano wa mtu aliyemwaga siri.

Mwalimu huyo ni Rahila.

*

Chumba cha sayansi kilikuwa kitupu. Wasichana wamekwenda uwanjani, Fawziya amesimama mlangoni ili pasiwe na la kusemwa. Rahila alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Alipomwona Soud alitabasamu.

"Karibu, shemeji."

Soud akakifunua kipande mezani. Tabasamu likaondoka. Rahila akairudisha mikono yake nyuma, kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Mimi nafundisha watoto mizani na joto, Mulazim."

Safari hii hakumwita shemeji.

"Bi Rahila, yuko mtu mahabusi. Alasiri anachukuliwa. Nataka kujua jambo moja: chuma hiki kimekatwa na msumeno?"

"Nikikujibu utaniuliza nimejuaje."

"Sitakuuliza."

"Wewe hutaniuliza. Na watakaokuuliza wewe?"

Ulikuwa mwaka sabini na tisa, vita vya kusini na wakomunisti vimekwisha juzijuzi, na waliosoma katika nchi za Mashariki walikuwa wakiandika katika karatasi zao Kairo au Kuwait, wakiomba Mungu asitokee wa kuuliza zaidi. Soud alijua nyumba ambayo shahada ya chuo ilitiwa ndani ya tanuri la mkate. Wengi wao walitoka Unguja, kama yeye na Rahila.

"Hamda ndiye dada yake huyo mahabusi," Fawziya akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini. "Yumo edani. Mume kafa, na ndugu ndiye anaambiwa kamuua."

Rahila akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Kisha akainama juu ya chuma, na tangu hapo akawa mtu mwengine kabisa.

"Nipe kioo chako. Sogea, unanizuilia mwanga." Alikigeuza, akakitazama pande zote. "Hapana msumeno hapa. Hii mistari ya kupinda ni ufa unavyotembea. Unafunguka kidogo, unasimama, unafunguka tena. Mtambo ukiwashwa na kuzimwa, unaacha mstari. Chuma hiki kimechoka, kimechoka polepole, siku kumi au zaidi. Hapa palipoparuza ndipo palipokuwa pamebaki pazima. Jumamosi pakashindwa peke yake."

"Na kwa nini kichoke? Mahrous anasema shafti zote mbili ni mpya kutoka nje."

Rahila alifungua mtoto wa meza, akatoa tupa ndogo. Akaipitisha katikati ya shafti. Tupa ikauma, ikaacha vumbi la kung'aa. Akaisogeza vidole viwili hadi karibu na mahali pa ufa, akaipitisha tena. Safari hii tupa iliteleza, ikalia kama ukucha juu ya sahani.

"Jaribu mwenyewe."

Soud akajaribu. Tupa ilikataa kushika.

"Shafti ni chuma cha pua njema," Rahila akasema. "Imechanganywa kromu na nikeli, yenye nguvu, ndiyo inayostahimili kuzunguka mara elfu na mia tano kwa dakika. Lakini ina tabia yake. Haitaki kuchomelewa ovyo. Ukitaka kuichomelea, uipashe moto kwanza taratibu, na ukishamaliza uifukie kwenye majivu ipoe mpaka asubuhi. Ukiipoza ghafla, pembeni ya weldi inageuka kigae, ngumu na rahisi kuvunjika. Hapo ndipo ufa unapozaliwa, chini kwa chini, huuoni." Akaonyesha kwa ncha ya tupa ukanda mwembamba wa rangi ya kijivu. "Shafti ilikuwa imelika kwenye beringi. Mtu kaijaza kwa weldi, akaipoza kwa haraka, akaikereza mpaka ikang'aa. Mpya, wapi!"

Kisha akainua uso, na Soud akaona rangi imemtoka.

"Umesema shafti zote mbili. Ile ya pili imezimwa?"

Soud akamkumbuka yule mtu wa mahabusi. Maneno yaleyale manne. Yaarub hakuwa akitisha. Alikuwa akiogopa.

"Inazunguka," akasema. "Inazunguka hivi sasa."

Fawziya alishakuwa amechukua mkoba wake. "Twendeni. Mimi nitakaa nyuma pamoja na Rahila."

Rahila hakutoka papo hapo. Alisimama, mkono juu ya meza, akikitazama kile chuma. Midomo yake ilikuwa ikienda, labda akisoma kitu. Kisha akajifunga mtandio vizuri, akatangulia.

*

Mngurumo waliusikia kabla hawajaiona nyumba yenyewe. Ndani, mtambo wa kwanza umefunikwa turubai, na juu yake tundu la ukutani, kubwa kama sinia, linaingiza jua. Mtambo wa pili ulikuwa kando yake, hatua nne tu. Marhoun, mwangalizi wa zamu, hakukaa ndani. Aliweka kiti chake nje, nyuma ya pipa la mafuta, na kila dakika akachungulia saa za mtambo kwa mbali.

"Mbona umekaa huku?" Soud akamuuliza.

"Joto, bwana," Marhoun akasema, asimtazame usoni.

Mahrous, mwenye nyumba ile ya umeme, akaja akijifuta mikono. Alikuwa bwana mkubwa wa mwili, aliyekulia Tabora, mchangamfu kwa kila mtu. Soud akamwambia auzime mtambo.

"Kuzima? Ati nini?" Mahrous akacheka. "Spitali kuna mama yuko mezani wanampasua. Nizime, niue watu wawili, mama na mtoto? Nionyeshe karatasi ya injinia, nitazima."

Soud akamtuma askari aliyewaendesha na gari mbio hadi spitali. Alirudi baada ya dakika chache, anahema.

"Daktari anasema kweli, afandi. Anaomba robo saa. Mtoto ameshatoka, anamshona mama."

Soud akamrudisha spitali, apige honi mara tatu daktari akimaliza. Robo saa. Soud akaitazama ile feni inayozunguka ndani ya tumbo la mtambo, haionekani ila kama ukungu, akalitazama na tundu la ukutani. Akataka kutoka nje kama Marhoun. Miguu yake ilikuwa tayari imegeuka.

Rahila alikuwa ameokota mpini wa fagio. Akaingia ndani, hatua kwa hatua, akipita pembeni ambako feni isingemfikia moja kwa moja. Akaweka ncha moja ya mpini juu ya nyumba ya beringi na ncha ya pili kwenye sikio lake. Akafumba macho. Fawziya, mlangoni, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Alipotoka, nguo imemlowa mgongoni.

"Inagonga," akamwambia Soud. "Kila mzunguko, mara moja. Mzigo upunguzwe sasa hivi. Zimeni majumba, zimeni ghala la baridi, ibaki spitali peke yake."

"Ghala langu lina nyama!" Mahrous akafoka. "Na wewe nani? Huyu si mwalimu wa watoto huyu? Mwanamke, haya mambo ya vyuma umejifunzia wapi?"

Rahila akashusha mpini. Swali lile lilimpiga mahali pake, na Mahrous, ambaye alikuwa na jicho la kuona mtu anapoumia, akaliona. Akalirudia taratibu.

"Hebu tuambie. Wapi?"

"Marhoun," Soud akaita. "Zima majumba. Zima ghala."

Marhoun akamtazama Mahrous, akamtazama Soud. Akaenda kwenye ubao, akashusha mikono ya swichi mmoja baada ya mwengine. Mngurumo ukapungua uzito. Lakini sasa, kelele zilipopungua, hata Soud aliisikia: tk, tk, tk, kwa haraka sana, kama meno ya mtu mwenye homa.

Wakangoja. Soud aliitazama saa yake mpaka mshale ukawa kama hautembei. Dakika ya tisa ile sauti ikazidi, Marhoun akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Dakika ya kumi na mbili honi ya gari ikalia mara tatu kutoka upande wa spitali. Ndiyo alama waliyopatana.

"Bado," Rahila akasema, akamshika Marhoun kwa ukali wa mwalimu. "Sikiliza. Ikiwa inapunguza mwendo, kuna pahala itatetemeka yote. Hapo ndipo inapoweza kukatika. Ukishazima, kimbia. Usigeuke."

Marhoun akazima, akakimbia. Wote wakalala nyuma ya ukuta wa birika, Mahrous naye, kilemba kimemtoka. Mngurumo ukashuka, ukashuka, kisha nyumba nzima ikaanza kutikisika. Mabati yakalia. Kitu kilichokuwa kimetundikwa ndani kikaanguka na kuvunjika. Soud akauweka uso wake katika mchanga, akahesabu, akapoteza hesabu. Halafu mtetemeko ukapita. Feni ikazunguka kivivu, mara moja, mara nyengine, ikasimama.

Hakuna aliyeinuka mpaka Rahila alipoinuka.

Aliagiza mafuta ya taa na kitambaa. Marhoun akafungua kifuniko cha beringi. Rahila akaipaka shafti mafuta, akangoja, akaifuta mpaka ikakauka kabisa. Kisha akatoa chaki katika mkoba wake wa skuli, akaisaga baina ya vidole na kuipaka unga wake juu ya chuma. Shafti ikawa nyeupe. Mara, polepole, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yakaanza kutoka, yakachora mstari mweusi juu ya ule weupe, mwembamba kama unywele. Mstari ukaizunguka shafti zaidi ya nusu yake.

"Subhanallah," Marhoun akasema.

Soud akamgeukia Mahrous. "Shafti mpya kutoka nje?"

"Waliniuzia hivyo, Mulazim. Mimi sijui vyuma."

"Hukuiona weldi?"

"Weldi gani? Haijaguswa hata kidogo."

"Hujui vyuma, na unajua haijaguswa? Nimekuuliza umeiona."

Mahrous akakiokota kilemba chake, akakikung'uta. Na hapo Marhoun akavua kofia yake, akaikunja mikononi.

"Bwana Soud, mimi nina mke na mama mzee. Lakini nimekaa nyuma ya pipa lile siku tatu, usingizi siupati. Nadhir ndiye aliyezichomelea, zote mbili, siku moja. Bwana huyu ndiye aliyemwamrisha. Yaarub akasema haifai, akasema zinataka kufukiwa kwenye majivu mpaka kesho. Bwana akachukua ndoo ya maji kwa mkono wake akazimwagia, ati zikerezwe jioni ileile. Yaarub akapiga kelele. Ndipo alipofukuzwa. Alkhamisi alikuja kumsihi Nadhir asisogee karibu na mtambo. Mimi nilikuwepo."

"Kwa nini Yaarub asiseme?"

"Angesema nini? Kwamba shemeji yake aliyelala kaburini ndiye aliyechomelea kilichomuua? Dada yake yumo edani, bwana. Maiti hasemwi."

Mahrous akajifuta uso. Hakucheka tena. Askari alipomfungulia mlango wa gari, akamtazama Rahila.

"Hukunijibu," akasema. "Watakuuliza wao."

*

Adhana ya alasiri ilikuwa haijaadhiniwa walipofika Ibra. Yaarub alitolewa mahabusi akiwa hajui kwa nini. Soud alipomwambia kwamba ya pili imezimwa, alikaa chini palepale ukumbini akalia kwa sauti, mtu mzima, na askari wakageuza nyuso zao.

Soud akaandika maelezo ya Rahila kwa mkono. Chuma, tupa, mpini, chaki. Yalijaa karatasi tatu. Mwisho akafika kwenye mstari wa mahali aliposomea, ambao kila shahidi wa ufundi lazima aujaze, na kalamu ikasita.

"Naweza kuandika kwamba ni mwalimu wa fizikia, basi," akasema kwa sauti ndogo.

"Wakili wake Mahrous atauliza mwalimu kajuaje. Nikikosa jibu, maelezo yote hayana maana, na Yaarub atarudi mule." Rahila akaisukuma karatasi kwake. "Andika, shemeji. Ujerumani ya Mashariki. Miaka mitano, madini na vyuma. Andika na kwamba karatasi yangu ya Kairo si ya kweli."

Fawziya akamshika bega. Soud akaandika.

Naqib Marzouq aliyasoma maelezo akiwa amesimama dirishani. Aliyasoma kwa kasi, kisha akafika karatasi ya tatu, akapunguza. Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili. Hakumtazama Soud.

"Umempa maji huyu mwanamke?"

"Bado, Naqib."

"Mpe maji. Kisha mlete." Akaiweka karatasi mezani, kwa uangalifu, uso chini. "Peke yake. Na mkeo aende nyumbani."

Soud akatoka ukumbini na gilasi ya maji. Rahila alimsoma usoni kabla hajasema. Akaipokea gilasi, akainywa yote, akamrudishia. Akamkabidhi Fawziya mkoba wake na funguo za nyumba.

"Mama asiambiwe kabla ya magharibi," akasema. "Ana presha."

Akausawazisha mtandio wake, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa Naqib, akabisha hodi.